Kimberley au Pilgrim's Rest: ukiwa na nafasi ya mji mmoja tu wa machimbo, uende upi

Mdogo wangu kanitumia voisi juzi. Anakuja Joburg Desemba na mkewe na watoto wawili, ana wiki moja, ila mambo ya mzigo yatamla siku kadhaa kwaiyo kwa matembezi amebakiwa na siku mbili na usiku mmoja wa kulala nje, na anataka kuona "yale machimbo ya zamani ya wazungu" maana sisi kwetu Shinyanga, tumekulia jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, almasi tumeisikia toka tunanyonya ila kuiona tumeiona kwenye kalenda. Anauliza kaka, Kimberley au Pilgrim's Rest? Nikamjibu kwa voisi ya dakika kumi na moja, akasema sijaelewa kitu, andika. Haya naandika, na najua hayuko peke yake mwenye swali hili.

Jibu la haraka kabla hujachoka kusoma: kama unaenda peke yako au na mtu mzima mwenzio anayependa historia, Kimberley, wala usijiulize mara mbili. Kama una watoto wadogo na gari, Pilgrim's Rest itakupa amani zaidi. Mi mwenyewe kote nimefika mara mbili mbili na moyo wangu uko Kimberley, ila moyo wangu hausafiri na watoto wa watu.

Kwanza uelewe hivi vitu viwili havifanani kabisa ingawa vyote vinaitwa mji wa kihistoria wa machimbo. Kimberley ni jiji, makao makuu ya jimbo la Northern Cape, lina mabenki, chuo kikuu, foleni, mitaa ya watu wanaoishi maisha yao, alafu katikati kuna shimo. Yani kweli katikati, unatoka supamaketi unaenda shimoni. Na hapo shimoni ndo kuna kituo cha makumbusho chenye geti na tiketi, unalipa mara moja unaona kila kitu cha humo ndani. Pilgrim's Rest ni kijiji kidogo cha mlimani huko Mpumalanga, barabara moja ndefu yenye nyumba za mabati, na kijiji chenyewe kizima ndo makumbusho. Mgodi ulipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 70 serikali ya jimbo la wakati ule ikakinunua kijiji mwaka 1974, na 1986 kikatangazwa chote kuwa kumbukumbu ya taifa. Kutembea barabarani bure, unalipia nyumba moja moja unayotaka kuingia, tiketi unakata pale ofisi ya taarifa.

Tuanze na shimo.

Wanaliita Big Hole na kwa kweli hawakuhangaika kutafuta jina. Unapita kwanza kwenye filamu fupi, alafu unatoka nje unakuta daraja la chuma limetokeza juu ya shimo, hapo ndo watu wazima wanaanza kushikana mikono. Mi nilishika chuma cha pembeni nikakiachia fasta, jua la Kimberley la Januari lilikuwa limekichemsha kama sufuria. Ukichungulia chini kuta zinashuka wima, alafu mbali kabisa kuna maji ya kijani yametulia, na kuna ndege wanaruka, lakini unawaona migongo. Kilichonishika ni hicho, kuona mgongo wa ndege anayeruka. Kabla ya hapo niliambiwa upana ni mita 463 na hekta 17 na kichwani hakikuingia chochote.

Sasa sikiliza, hapo palikuwa kilima. Sio tambarare, kilima! Julai 1871 kikundi kimoja cha wachimbaji waliovaa kofia nyekundu walikuwa wamepiga kambi karibu, wana mpishi wao anaitwa Damon, na ndiye aliyekuja na mawe kutoka pale juu. Mpishi. Kampuni na mitaa ikaja kuitwa majina ya watu wengine kabisa, mpishi wetu kabaki na sentensi moja kwenye historia. Ndani ya muda mfupi kilima kikaliwa kikaisha, wakaendelea kushuka. Vitalu vilikuwa futi 31 kwa 31, yani kama nyumba ya vyumba viwili na sebule, na watu wakavikata nusu, robo, hadi vipande vidogo zaidi, kila mtu anashusha duara lake, yani shimo lake la kuchimbia, kwa spidi yake, huyu kafika mita kumi jirani yuko mita ishirini, kuta zinaporomoka, njia walizoacha katikati za kupitisha mikokoteni zikaanguka nazo. Wakaamua kufunga waya kutoka kila kitalu mpaka ukingoni, ndoo zinapanda na kushuka. Kuna picha za wakati huo, waya ni maelfu, shimo zima limefunikwa kama utando wa buibui. Kama umewahi kufika Maganzo, kwa wachimbaji wadogo jirani na Mwadui, ukasikiliza ugomvi wa mipaka ya maduara, zile picha utazielewa bila kusomewa maelezo.

Walichimba hivyo kwa sururu na koleo mpaka mita 240, baadae wakaendelea kwa mgodi wa chini ya ardhi hadi mita 1,097, wakafunga Agosti 1914. Jumla walitoa udongo na mawe tani milioni 22 na nusu. Na almasi yote waliyopata humo? Kilo 2,720. Yani Canter moja ya viazi. Niliposimama pale nikapiga hiyo hesabu nikakaa kimya, jamaa niliyeenda naye akaniuliza unaumwa.

Na kwa sisi wa Shinyanga kuna kitu kingine. Mwamba mkuu unaobeba almasi duniani unaitwa kimberlaiti, umepewa jina la mji huu. Mwadui aliyoigundua yule Mkanada Williamson mwaka 1940 ni kimberlaiti pia, ila ya kwetu kwa juu ina eneo la hekta 146, kwaiyo hilo Big Hole lao la kutisha linaingia Mwadui mara nane na chenji inabaki. Nilimwambia mwongoza wageni wetu hilo, mama mmoja mchangamfu, akaniangalia akasema basi kwenu mtakuwa matajiri sana. Nikacheka tu, ningemjibu nini.

Ukitoka kwenye daraja unashushwa kwenye mgodi wa maigizo, giza, milio ya baruti, sakafu inatetemeka kidogo. Watoto wengine wanafurahi, wengine wanalia, wa rafiki yangu alilia. Alafu unaingia chumba cha almasi chenye mlango mzito kama wa benki. Humo kuna Eureka, ile almasi ya kwanza kutambuliwa Afrika Kusini, ilikuwa inachezewa na kijana wa miaka 15 karibu na mto Orange kama vile watoto wetu wanavyocheza kete, sasa hivi imechongwa ni karati 10.73, ni ndogo kuliko unavyotegemea. Ipo na ile wanayoiita 616, haijachongwa, ina karati 616 kama jina lake, ilipatikana 1974 kwenye mgodi mwingine wa hapo hapo Kimberley. Inaonekana kama kipande cha sukari guru iliyokolea, ukiikuta njiani Kishapu unaipiga teke. Pia kuna nakala ya ile hundi maarufu ya pauni 5,338,650 ambayo kampuni ya almasi ya De Beers ilimaliza nayo ushindani mwaka 1889, ndo bosi wao Cecil Rhodes akawa amemeza kila kitu.

Nje kuna mji wa zamani wameupanga upya, maduka, kanisa, baa, ukumbi wa ndondi, unatembea mwenyewe. Sehemu hii nzuri kwa picha, mi nilipita haraka.

Kwa sababu kitu ninachotaka ukakitafute Kimberley ni kompaundi. Kuanzia 1885 wachimbaji weusi walifungiwa kwenye kambi zenye ukuta kwa mkataba wote, miezi, hutoki, unatoka kambini unaingia mgodini unarudi kambini, juu wamefunika nyavu ya waya ili usirushe jiwe nje kwa mwenzako. Mkataba ukiisha hawakuachii hivi hivi, unawekwa chumba cha uangalizi siku kadhaa ukiwa mtupu, mikono imefungiwa kwenye glovu nzito, unapewa dawa ya kuharisha, mpaka waridhike hujameza kitu. Hii ipo kwenye maonyesho lakini ipo kwa sauti ya chini kuliko almasi, ni mpaka usimame usome. Muulize mwongoza wageni. Yule mama wetu tulipomuuliza alibadilika sura, akaongea dakika ishirini kuhusu hilo tu, na hayo maneno yake ndo yaliyofanya nauli yangu ilipe.

Na usiishie getini. Mtaa wa Angel namba 32 kuna nyumba aliyoishi Sol Plaatje, katibu mkuu wa kwanza wa kile chama kilichokuja kuwa ANC, alianza kazi Kimberley 1894 kama mpeleka telegramu posta, akaishia kuwa mwandishi na mhariri na ndiye aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kitswana, miaka mingi kabla Mwalimu hajafanya hivyo kwa Kiswahili. Nyumba ya kawaida tu. Alafu Galeshewe, kitongoji cha weusi, ndiko walikomleta Robert Sobukwe, kiongozi wa chama cha PAC kilichopinga ubaguzi, mwaka 1969 baada ya kumtoa kifungoni Robben Island, akazuiwa kutoka mji ule mpaka anafariki 1978. Wakati huo chama chake kina ofisi kuu Dar, yeye mwenyewe hawezi kuvuka mpaka wa Kimberley. Nenda mchana, na mtu wa pale, teksi ya hoteli itakupeleka.

Haya, twende mlimani.

Pilgrim's Rest ukifika unapumua. Ni kijani, kuna kijito, baridi kidogo hata Desemba, ukungu ukishuka unaona mabati mekundu yanatokeza na kupotea. Dhahabu ilipatikana hapo 1873 na jamaa mmoja Alec Patterson, wenzake walimwita Patterson wa Toroli kwa sababu vitu vyake vyote alikuwa anavisukuma kwenye toroli, alikuwa amekimbia msongamano wa machimbo ya jirani, akaokota dhahabu kwenye kijito akanyamaza. Akaja mwingine naye akaipata, hakunyamaza, na kufika mwisho wa mwaka kulikuwa na watu kama 1,500 kwenye kile kibonde. Sisi tunaita rashi, na rashi ni ile ile iwe Geita iwe huku.

Watoto hapa ndo kwao. Kuna sehemu inaitwa Diggings, kandokando ya kijito, wamejenga vibanda na vifaa vya wachimbaji wa mwanzo, na mtu anawaonyesha jinsi ya kuosha dhahabu kwa karai. Sina la kukudanganya, kama umewahi kukaa Nyarugusu ya Geita, kwa wachimbaji wa dhahabu, huyo mzee hana jipya la kukufundisha, mkono ni ule ule, anazungusha, anainamisha, anaacha maji yabebe mchanga mwepesi, unabaki ule mweusi, anapuliza. Ila tofauti hapa hamna zebaki na hamna mtu anayekudai asilimia. Mwishoni alituonyesha punje tatu, ndogo kuliko mbegu ya mchicha, na yule mtoto aliyelia Kimberley alikataa kuondoka hapo mpaka apewe karai lake. Tulikaa saa nzima.

Nyumba nyingine za kuingia: kuna duka la zamani lenye makopo na vitambaa vya enzi hizo, kuna kiwanda kidogo cha uchapaji, na kuna Alanglade, jumba la meneja wa mgodi lililoko nje kidogo ya kijiji, hiyo ni kwa kuongozwa tu na kwa muda maalum kwaiyo uliza mapema usije ukakuta geti. Humo ndo utaona kampuni ilikuwa inamlaza wapi bosi. Wachimbaji weusi wa chini kabisa walilala wapi? Hapo ndo nina shida na Pilgrim's Rest. Nilizunguka siku nzima, nikaona kitanda cha bosi, vyombo vya bosi, midoli ya watoto wa bosi, habari za wale wengine nikazipata kwa kuokoteza okoteza. Kijiji kizuri mno, na uzuri unafunika mambo.

Ila hadithi ndogo ndogo kijiji kinazo nyingi. Makaburini kuna kaburi la mwizi, makaburi yote yamelala mashariki kwa magharibi, lake peke yake limelala kaskazini kwa kusini, limeandikwa tu kaburi la mwizi bila jina. Inasimuliwa aliiba kwenye hema la mtu, wakamfukuza, akarudi, wakampiga risasi. Hotelini kwenye Royal kuna baa ambayo zamani ilikuwa kanisa dogo, likabebwa mpaka huku likageuzwa baa. Na mwaka 1902, mwishoni mwa vita ya Makaburu na Waingereza, Makaburu wakiwa wamebanwa kila upande walipiga pesa yao wenyewe hapo hapo kijijini kwa vifaa vya kuungaunga, sarafu za dhahabu 986 tu. Ukiwa nayo moja leo unastaafu.

Lawama sasa. Nyumba nyingi zinahitaji rangi na maduka kadhaa tulikuta yamefungwa. Alafu vijana wa kuosha magari. Nimepaki, sijazima hata redio, gari tayari lina povu. Nikawaambia sitaki, wakasema tayari bosi. Kiukweli sikuwalaumu sana, kijiji mgodi umefungwa kazi ni hiyo hiyo ya wageni, lakini kubali au kataa kabla hujafungua mlango, kwa sauti, na mpatane bei. Kimberley usumbufu wa namna hiyo sikuupata. Huko shida yangu ilikuwa gesti, nilibuku chumba chenye eisii, eisii ikawa inapuliza hewa ya moto usiku kucha, na mapokezi wamefunga saa mbili. Joto la Kimberley Desemba sio la kubishana nalo, hakikisha hicho kitu kinafanya kazi kabla hujalipa.

Kufika: Kimberley kutoka Joburg ni kama kilomita 480, barabara ya N12, imenyooka, inachosha kwa kunyooka, masaa matano na nusu hivi. Ila kuna mabasi makubwa na kuna ndege, kwaiyo asiye na gari anafika. Pilgrim's Rest ni karibu zaidi, unapita N4 alafu unakata kupitia Dullstroom na Lydenburg, lakini milima na kona na mashimo barabarani na malori ya makaa vinakurudisha kwenye masaa manne na nusu au matano. Na bila gari usijisumbue, usafiri wa umma wa kukufikisha pale ni wa kuunga kombi kwa kombi, na watoto utalia wewe.

Kinachoinyanyua Pilgrim's Rest ni majirani. Graskop iko hapo karibu na pancake zao, yani chapati za maji zilizokunjwa na vitu ndani, alafu God's Window, pale pa kusimama juu mlimani ukaangalia bonde, mashimo ya Bourke's Luck ambayo mto umeyachonga wenyewe kwenye mwamba, na korongo la Blyde. Hata kama mama watoto hapendi machimbo hata kidogo siku yake imejaa. Kimberley ukimaliza historia umebakiza heroe wa Kamfers Dam, kaskazini kidogo ya mji, wanaonekana wakiwa wengi bwawa linakuwa waridi, na McGregor Museum. Ukiwa na mtu asiyependa historia Kimberley utaisikia kwenye gari njia nzima ya kurudi.

Kuna atakayesema mbona usiende Gold Reef City hapo hapo Joburg. Ni kweli imejengwa juu ya shafti, yani shimo la kushukia mgodini, ya zamani ya Crown Mines na wanakushusha chini ya ardhi kweli kweli, tofauti na maigizo ya Kimberley, na kama una nusu siku tu hiyo ndo yako. Lakini ni bustani ya michezo, unatoka mgodini unakuta treni la kupindua watu linapiga kelele kichwani kwako, mi ile hali ya kufikiria sikuipata.

Kwaiyo dogo, wewe kwa Desemba hii: chukua gari, toka Joburg alfajiri, lala Graskop usiku mmoja, siku ya kwanza Pilgrim's Rest uanze na Diggings kabla mvua ya mchana haijaanza, siku ya pili God's Window mapema kama ukungu umefunguka alafu geuza. Shemeji atakushukuru. Kimberley usiichomekee kwenye safari hii, utaendesha kilomita karibu elfu kwa ajili ya masaa matatu na watoto wanalia gizani. Njoo peke yako mwezi wa tano joto likiwa limepungua, tupande basi la usiku, asubuhi tunaanza kwa Plaatje kwanza, shimo baadae. Yule mama mwongoza wageni nikimkuta nitamwambia huyu hapa ndugu yangu mwingine wa matajiri wa Mwadui.